Klachi ya trekta la kijiji niliiunguza mimi, akalaumiwa Mzee Yohana

Wakuu, salaam. Wenye kuniamkia nawaitikia marahaba kabisa, maana humu sidhani kama nina mkubwa wangu. Miaka tisini nimeshaivuka.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja analalamika klachi ya trekta lake inateleza. Nikasema leo nitoe langu. Ni la kweli tupu, na halinipi sifa. Natumia kidole kimoja, mnivumilie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Kijijini kwetu, jirani na Muheza, kaya kumi na mbili tulijiunga tukachukua trekta kuukuu lililokuwa la shamba la mkonge.

Dereva wetu alikuwa Mzee Yohana, Mbena. Alikuja Tanga kukata mkonge, akaishia kuwa fundi wa karakana ya shamba. Mlutheri haswa, Jumapili hashiki spana.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na tatu, dereva wa pili. Mabega juu! Nikipita barabarani naegemea nyuma, mguu wa kushoto nimeupumzisha juu ya pedeli ya klachi kama niko barazani kwetu.

Kwa wasiojua: klachi ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Ukiegesha mguu juu ya pedeli, hata kidogo tu, sahani ya ndani haibani vizuri. Inasugua, inapata moto, inalika.

Basi masika yamekaribia, trekta likagoma katikati ya shamba. Injini inanguruma, plau imezama, magurudumu hayaendi. Harufu yake kama kwato lililotiwa motoni.

Mkubwa wa kikundi chetu alikuwa Bi Mwanaidi, mjane, mwenye kauli nzito. Alikuja na jembe lake begani.

"Yohana mwanangu, tutalima au tutatazamana?"

"Tutalima, mama. Nipeni siku nne."

Kipuri kipya kilikuwa cha kuagiza ng'ambo. Kingefika mahindi ya wenzetu yameshabeba.

Sasa wakuu, klachi ya trekta lile huifikii mpaka ulikate vipande viwili: injini huku, giaboksi kule. Karakana hatuna. Tulisimika magogo matatu, tukaning'iniza injini kwa mnyororo, tukafungua bolti, halafu watu wanane tukaivuta nyuma sehemu ya pili kwa mikono. Mnyororo ulilia mara moja tu, kila mtu akaruka pembeni.

Mzee Yohana akaitoa ile sahani. Kitambaa chake chote kimeisha, vichwa vya ribiti zilizokishikilia vinang'aa. Beringi imebadilika rangi kwa moto, bluu.

Akaigeuzageuza. "Huu si uzee. Huu ni mguu wa mtu."

Watu wote wakamtazama yeye.

Bi Mwanaidi akasema, "Si wewe unayeliendesha kila siku?"

"Ni mimi, mama. Lakini sina mchezo huo."

Hawakumwamini. Mgeni, hana ndugu pale. Na mimi? Niliinama nikajifanya natafuta nati.

Kesho yake nikapanda treni hadi Tanga mjini kutafuta mkanda wa breki, ule wa kufumwa unaouzwa kwa kukatwa, na ribiti za shaba. Beringi tuliiokota kwenye trekta bovu la lile shamba la mkonge. Mzee Yohana akakata mkanda vipande vipande, akavipanga juu ya sahani, tukatoboa na kupiga ribiti moja moja. (Vumbi lile tulikuwa tunalipuliza kwa mdomo. Leo nasikia ni sumu. Vijana msituige.)

Likabaki moja. Sahani isipokaa katikati kabisa, trekta halirudi kuungana. Kifaa cha kuilenga hatuna. Tukamwendea Fundi Faki, Mpemba, seremala wa milango. Akapima tundu la sahani kwa kijiti, akachonga mti wenye migongo migongo, ukaingia kama umezaliwa humo.

"Nimechonga milango ya matajiri," akasema anacheka, "ufunguo wa trekta ndio kwanza leo."

Mzee Yohana hakucheka. Jioni ile, tunakusanya spana, akaniambia, "Likipona nawaachia. Narudi kwenye mkonge."

Nikajua ni mimi ninayemfukuza.

Siku ya nne asubuhi watu wamejaa kusukuma. Tukaunganisha, tukakaza bolti ya mwisho. Nikasimama mbele ya Bi Mwanaidi.

"Mama, mguu ule ni wangu. Mzee Yohana hana kosa."

 Halafu Bi Mwanaidi akasema, "Sisi nasi tumekosa. Yohana, tuwie radhi." Akamwambia mbele ya wote.

Mzee Yohana alinitazama mimi. "Siku tatu unanipa spana, mdomo umeufumba?"

 Akapanda, akawasha, akaachia klachi polepole. Trekta likashika! Plau ikazama, udongo ukapinduka mweusi, akina mama wakapiga vigelegele. Alilima mpaka adhuhuri bila kunitupia hata jicho. Nilijua udereva wangu umekwisha.

Kisha akasimamisha trekta mbele yangu, akashuka.

"Panda."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Panda. Mguu wa kushoto chini, kwenye bamba. Nikiuona juu, nakushusha."

Nililima mfuo wangu wa kwanza siku ile huku yeye anatembea kando yangu mwanzo hadi mwisho, na macho yake hayakuwa kwenye plau. Yalikuwa kwenye mguu wangu. Mvua ilitukuta tumemaliza mashamba yote kumi na mawili, na Mzee Yohana hakurudi kwenye mkonge.

Nilichojifunza: klachi iliyoisha inavalishwa upya. Jina la mtu ukiliacha liungue siku tatu, shukuru akikubali kutembea kando yako tena.

Mafundi na madereva, nani humu amewahi kubebeshwa kosa la mwenzake, au kumbebesha? Semeni, nasoma zote, japo kujibu nitachelewa.