Kurasa Mbili za Binti Yangu

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa nimepanga chumba Kitengela, nikiuza mboga na kumlea peke yangu binti yangu wa miaka tisa. Jirani yangu alikuwa na kaka mwanajeshi aliyetumwa nje kulinda amani.

"Huko hapati barua ila zangu," aliniambia. "Mwandikie hata wewe."

Nikamwandikia habari za vitunguu vya Kimana vilivyoniozea, na za ukame uliowaleta ng'ombe wa Wamaasai hadi mlangoni petu. Akajibu. Haikupita miezi mingi nikawa naenda posta nimejipaka mafuta, utadhani yeye ndiye atakayenipa bahasha dirishani.

Kisha binti yangu akachomeka swali katika barua yangu: askari hulala na viatu? Jibu lilipokuja, ukurasa mmoja ulikuwa wangu, mbili za binti yangu. Wangu ulisema joto ni kali na nisalimie wote. Zake zilikuwa na picha aliyoichora askari, ya mpishi wa kambi akikimbizwa na mbuzi. Mtoto alicheka nyuma ya pazia mpaka akakohoa.

"Nisomee."

"Hapana, mama. Hii ni yangu."

Niliumia. Mwanamume niliyemngoja mimi alikuwa akichekesha mtu mwingine, na mtu huyo ni mtoto niliyemzaa. Barua zilizofuata zilikuwa vivyo hivyo. Mwishowe nikamwandikia kwa hasira: kama rafiki yako ni mtoto, mimi niache.

Barua zikakatika. Binti yangu akaninunia, nami nikamnunia.

Askari aliporudi nchini, alikuja moja kwa moja kwenye kibanda changu cha mboga, mrefu, mweusi kwa jua, begi begani. Sikumkaribisha kiti.

"Binti yako huniuliza maswali," alisema. "Wewe unanipa tu habari za vitunguu. Hujawahi kuniuliza kitu."

Nikamuuliza kama alikuwa akiogopa huko.

"Kila siku," akasema, akaketi juu ya kreti ya nyanya, akaanza kunieleza. Wateja walijihudumia.

Tulifunga ndoa kanisani, tukahamia Kajiado. Binti yangu sasa anafundisha chuoni. Akipiga simu, humpigia mume wangu, si mimi. Wanaongea, wanacheka, nami nimesimama na mwiko mkononi.

"Amesema nini?"

"Ni mambo yetu tu," hunijibu, na moyo wangu unachomeka kama zamani.