Mashine Iliyoshika Saa za Ng'ombe

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1964, tajiri wangu alinikabidhi spana na swali. Karakana yake ilikuwa Matrah, nyuma ya soko, na mimi nilikuwa nimeingia Maskati majuzi tu kutoka Unguja, duka la baba tumeliacha nyuma na kila kilichokuwamo. "Serikali ni nini?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, mimi ni fundi wa mashine. "Serikali ni mlinzi wa mlango," akasema. "Akiingia ndani akaanza kukupangia vyombo, huyo si mlinzi tena. Haya, nifungulie kichwa hicho." Kichwa alichokusudia ni cha silinda, kile kifuniko cha chuma kinachoziba mahali mafuta yanapowakia.

Nyinyi mnaopeleka gari Ghala, kwenye mtaa wa magereji, asubuhi na kulichukua jioni mtadhani natia chumvi. Zama zile kuingiza mashine mpya kulitaka ruhusa ya serikali, na ruhusa ilitaka subira ya ajabu. Kutengeneza mashine ya zamani hakukutaka ruhusa ya mtu. Basi mafundi wa Matrah tulishika mwendo wetu: hatukutupa chuma. Madhali kitako na gurudumu zito linaloshikilia mwendo wa injini ni vya zamani, mashine ilihesabiwa ya zamani, hata kama kila kilichokaa juu yake tumekitia wenyewe. Nilijifunza kuchonga ringi, zile pete zinazoibana pistoni isivujishe nguvu, kutokana na bomba bovu. Nilijifunza kukata gasketi, ile karatasi nene ya kuziba maungio, kwa mkasi wa mshoni. Tajiri akipita nyuma yangu husema, "Wakufunge mikono, fanya kwa vidole," kisha hucheka peke yake.

Baadaye alinipeleka Sib kuwa fundi wa mashamba. Huko alikuwako Bi Zuwena, mjane aliyekaa Pemba ujana wake wote, mwenye shamba la mitende na ndimu. Maji yake yalivutwa kisimani na ng'ombe, akienda na kurudi kwenye mteremko tangu alfajiri. Ng'ombe huyo alikufa wakati wa joto. Ndimu zikaanza kunyauka, na mashemeji wakaanza kuja na maneno matamu: auze, akae kwao, apumzike. Bi Zuwena alijua mapumziko hayo yana maana gani. Alinionyesha bandani mashine ya maji aliyoiacha marehemu mumewe, imekufa zamani, kuku wanatagia juu yake.

"Mwanangu, hii itafufuka?"

"Nna kitako na nna gurudumu, Bibi. Vilivyobaki nitavitafuta."

Nilivitafuta Matrah nzima. Siku niliyozungusha hendeli mashine ikakohoa, ikatema moshi, ikashika, maji yakaruka kwenye mfereji kwa nguvu ambayo ng'ombe hakupata kuitoa. Bi Zuwena alikaa chini ukingoni mwa mfereji akatia miguu. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, wala sioni haya kusema.

Lakini injini haifichiki. Mlio wake ulifika mbali, na asubuhi moja akaja Bwana Mkaguzi, afisa wa ruhusa za mashine, mtu mpole aliyesoma Unguja zamani. Bahati njema tajiri wangu alikuwa kaja kunitazama. Majirani nao wakajikusanya, maana akiamua kuwa mashine ni mpya itachukuliwa, na shamba litakwenda nayo.

Mkaguzi aliizunguka. "Kipi cha zamani hapa?"

"Kitako na gurudumu, Sheikh," nikasema.

"Basi umejenga nyumba mpya juu ya kizingiti kikuukuu."

Tajiri hakuweza kujizuia. "Mtu na kisima chake, serikali inatafuta nini hapo? Waacheni watu wanunue, wauze, wachote. Atakayekosea atalipa mwenyewe."

"Atalipa jirani yake kwanza, maji yakimkaukia," Mkaguzi akajibu taratibu. "Visima hivi na mipaka yake tumevikuta, na waliovipanga hawakuwa wajinga. Kitu kigeni kikija mbio kinavunja, halafu inaitwa serikali iingie ikatengeneze. Mimi nakizuia mlangoni ili nisihitajike ndani."

Tajiri alikuwa kapigwa na mlango wake mwenyewe, ule wa mlinzi, nami nilishikwa na khofu, kwa sababu niliona kila mmoja ana haki yake na mashine ya Bi Zuwena iko katikati.

Ndipo Bi Zuwena mwenyewe akasema. "Sheikh, ng'ombe wangu kavuta maji hapa miaka yote. Yeye aliomba ruhusa kwa nani?"

Watu wakacheka. Mkaguzi naye akatabasamu. "Ng'ombe alikuwa akichoka, Bibi. Hii haichoki. Hapo ndipo nnapoogopa mimi."

"Basi nayo ichoke. Ng'ombe alikuwa akifunguliwa adhuhuri, kivuli cha mtende ule kikirudi shinani. Na mashine nitaizima hapo hapo. Majirani zangu hawa, waulize kama nimepata kuwadhulumu maji."

Mkaguzi akawauliza. Wakasema hawajadhulumiwa, wameridhika, na wao wakijaaliwa mashine watazizima saa hiyo hiyo. Mkaguzi alivua kofia, akachota maji ya mfereji akanawa uso. "Wenyewe wakishapatana," akasema, "serikali haina kazi hapa." Akapanda punda wake akaondoka. Tajiri alinishika bega akacheka mpaka akakaa chini. Shamba likanywa, na mashemeji hawakuja tena na maneno yao.

Mwaka 1970 akatawala Sultani mpya, mambo yakafunguka. Mashine zikaingia kwa wingi, nami nikafungua karakana yangu mwenyewe, kwanza Matrah, kisha Ghala. Sikumwomba mtu tena awe tajiri wangu, na niliwapa kazi watu wengi. Nauona ni ushindi, nautaja kila nikipata nafasi, na wanangu wamechoka kuusikia. Tajiri wangu aliishi akauona uhuru wa biashara alioulilia, akafa akiwa na maduka. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Sasa nimestaafu, nakaa Mabela, na nna wakati wa kufikiri. Pwani hii ya Sib wengi walitia pampu zisizolala, wakavuta usiku na mchana, bahari ikaingia visimani chini kwa chini, na mashamba mengi maji yakageuka chumvi na mitende ikafa imesimama. Hapo hukumbuka uso wa Mkaguzi ukidondoka maji. Tajiri alinifundisha kuuchukia mlango uliofungwa, na mpaka leo nauchukia. Lakini katika mtaa ule wa Sib ndimu bado zinazaa, na kisima bado kitamu.

Juzi nilikwenda. Mjukuu wa Bi Zuwena, mtu mzima mwenye ndevu, ndiye anayeshika shamba, na pampu yake ni ya umeme. Tulikuwa tukinywa kahawa na halua alipoinuka ghafla akaizima. Nikatazama mtende: kivuli kilikuwa shinani.

"Nani anakuja kukukagua siku hizi?" nikamuuliza.

"Hapana mtu, Babu," akasema, akanijazia kikombe. "Ng'ombe kapumzika tu."