Interview yangu ya online niliifanyia juu ya kaburi la babu, Akheri

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa. Mama yangu yupo hai, nikiongeza chumvi atanisuta.

Enzi zile za modem za kuchomeka pembeni ya laptop, niliitwa interview na kampuni moja ya utalii hapo Arusha mjini. Kazi ni kujibu email za wageni ukiwa nyumbani. Interview yenyewe online, saa mbili asubuhi, wajionee kama una internet ya uhakika. Internet cafe za mjini muda huo bado zimefungwa.

Nilikuwa nimekaa bila kazi mpaka naona aibu kumwomba mama vocha. Hii nilikuwa naitaka kufa na kupona.

Sasa kwetu ni Akheri, huko Meru, ndani ndani, migomba na kahawa kila upande. Modem ndani ya nyumba inawaka nyekundu tu. Nikapanda kwenye paa, wapi! Nikaenda zizini, ng'ombe akanikodolea macho, network hakuna.

Katika kuzunguka, taa ikageuka bluu. Kuangalia nilipo, ni kaburi la babu, mwisho wa shamba. Ukisogea tu, inakata. Lazima ukae juu ya vigae vyenyewe.

Mnaotoka Meru na Uchagani mnajua, tunazika nyumbani, na kaburi halikaliwi. Nikamwomba babu radhi, nikakaa.

Wiki nzima, kila asubuhi, nipo pale nafanya mazoezi ya kujieleza kwa Kiingereza, mikono inapaa hewani. Mama ananichungulia kwenye migomba. Hakuniuliza kitu. Alikwenda kumwita mzee wa kanisa.

Siku ikafika. Kwenye screen kuna dada mmoja na bosi mwenye tai. Bosi akauliza kama hapo nilipo internet ni ya uhakika. Nikajibu kwa madaha, "Very stable."

Mara nyuma yangu pambio! Mzee wa kanisa, mama, na akina mama wa jumuiya. Mzee akaniwekea mkono kichwani.

"Ee Bwana, mrudishe kijana huyu kwa walio hai! Anaongea na marehemu, tena kwa Kiingereza, na babu yake hakukijua!"

"Shikamoo mzee, niko kwenye interview."

"Marahaba. Tulia, tunamalizia."

Hakumalizia. Aliombea ukoo mzima. Nilitamani ardhi ipasuke, ila pale ingenipeleka moja kwa moja kwa babu.

Aliposema "Amina", laptop nayo ikaitikia amina. Bosi alikuwa ameinamisha kichwa. Dada anafuta machozi ya kicheko.

"Haijakata hata mara moja," bosi akasema. "Jumatatu unaanza."

Wakuu, nililia. Akina mama wakajua maombi yamejibiwa, wakaanza pambio upya.

Nilichojifunza: ukiwa nyumbani, waeleze wazee unachofanya kabla hawajakupeleka kwa Mungu.

Mama alininunia siku kadhaa kwa kulikalia kaburi. Halafu jioni moja namkuta kaburini, kavaa kitenge cha kutokea, ananyoosha mkono nimpe laptop. Anataka kumwona mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa Mwanza.

Kabla hajakaa, akapapasa vigae taratibu.

"Baba, niwie radhi. Sogea kidogo, tumwone kitukuu wako."

Haya wakuu, kwenu network inashikia wapi?