Nilipulizia shule nzima dawa ya mende, kumbe mfugaji wao nilikuwa mimi

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioamka mapema na mnaosoma huku mkijifanya mko kazini.

Hiki ninachokileta ni changu mwenyewe. Kimenipata hapa Mombasa, Kibokoni. Chumvi sitii, maana aibu iliyomo inatosha kukikoleza. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu Mji wa Kale ni mdogo na kila dirisha lina masikio.

Mimi ni mwalimu, na ni deputy, yaani naibu wa mwalimu mkuu, wa shule ndogo ya msingi. Asubuhi tunasomesha masomo ya serikali, mchana watoto wanasoma Qur'ani. Shule yenyewe ni nyumba ya zamani: kuta nene za mawe na chokaa, dari ya boriti, na nyufa ambazo nyingine mtu anaweza kuingiza kidole.

Mimi sijawahi kuingiza. Naogopa mende.

Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Nyoka nimewahi kumuua kwa ufagio, mbele ya mashahidi. Lakini mende akianza kuruka, mimi sina tena cheo wala umri.

Sasa, mwaka huu mvua za masika zilipoanza, mende walizidi. Walipanda kutoka kwenye mabomba ya maji machafu, wakatoka nyufani, wakawa wanapita ubaoni nikifundisha hesabu. Siku moja mmoja aliniangukia begani mbele ya darasa la tatu. Sauti iliyonitoka, wakuu, sitaiandika hapa.

Watoto walifika kwao na habari. Alasiri natoka msikitini, wazee wa barazani wananiuliza, "Mwalimu, u mzima lakini?" Na wanacheka.

Basi nikaapa. Na hapo ndipo nilipoanza kukosea, kwa sababu nilikuwa natafuta kulipiza kisasi, sikuwa natafuta usafi.

Nilikwenda kwa muuzaji mmoja akanipimia dawa kwenye chupa ya soda. Haina lebo, haina jina. Akaniambia hiyo hutumiwa mashambani, mende wataisha ukoo mzima. Nilifurahi kama niliyepewa zawadi.

Ijumaa nikamwonyesha Mama Kadzo ile chupa. Huyu ni mfagizi wetu, mama wa Kigiriama, mtu wa maneno machache. Akaitazama, akaniuliza:

"Mwalimu, na watoto je?"

Nikamwambia, "Napulizia Jumapili. Watoto waja Jumatatu."

"Na hiyo dawa, Jumatatu itakuwa imekwenda wapi?"

Nikaifunga chupa nikaondoka. Nilimwona anaingilia mambo yasiyo yake. Astaghfirullah.

Jumapili nikajifunga kitambaa usoni nikapulizia madarasa yote, kuta, sakafu, mpaka chini ya madeski. Nikafunga madirisha yote ili dawa ishike. Nyumbani nililala usingizi mtamu.

Jumatatu asubuhi mende wamelala chali kila kona. Nilitembea katikati yao kama jemadari. Harufu ilikuwepo, nikasema itatoka yenyewe. Watoto wakaingia.

Kulikuwa na binti wa darasa la pili, nitamwita Swabra. Anakaa kwenye deski la ukutani. Ana pumu, na tulijua, kwa sababu mama yake alituachia inhela na maelezo ya kuitumia. Kabla ya mapumziko alianza kukohoa. Kisha kikohozi kikaisha ikabaki ile sauti ya kifua kinachotafuta hewa, na ngozi ya shingo inaingia ndani kwa kila pumzi.

Tulimtoa nje tukampa inhela. Haikutosha. Mama Kadzo alimbeba mbio hadi kwenye tuk-tuk, mimi nikapanda nao, na njia nzima nilikuwa nasema "Ya Rabbi" tu, sikumbuki neno jingine.

Hospitali wakamwekea mashine ya mvuke. Daktari akaniuliza dawa gani imepuliziwa. Nikamwambia sijui.

"Umepulizia darasa la watoto kitu usichokijua?"

Wakuu, nimesomesha watu wengi kwa miaka mingi. Siku ile mimi ndiye niliyesimamishwa mbele ya darasa bila jibu.

Alipopata pumzi zake, neno la kwanza Swabra aliloniambia lilikuwa swali. "Mwalimu, mende wamekwisha?"

Nikatoka nje.

Yule daktari akaniongezea jingine nililokuwa silijui. Alisema mende wenyewe pia wanaumiza kifua cha mtu mwenye pumu: kinyesi chao, maganda wanayoyavua, yote huwa vumbi likavutwa puani. Kwa hiyo dawa inamdhuru mtoto, na mende wanamdhuru. Siwezi kupulizia, na siwezi kuwaacha.

Kesho yake mama yake Swabra alikuja. Bi Mwanahawa, mshonaji, mtu wa adabu zake. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi. Afadhali angenitukana.

"Mwalimu, mimi sina neno nawe. Mwanangu yu hai, alhamdulillahi. Lakini harudi hapa mpaka unionyeshe mahala atakapokaa, pasipo mende na pasipo sumu. Ukipapata, nambia."

Akaaga akaondoka. Mtoto alikuwa amebakisha sura chache amalize juzuu yake ya kwanza ya Qur'ani.

Siku zile tukasomesha ukumbini na barazani, madirisha yote wazi, madarasa yakioshwa kwa sabuni na maji mara mbili tatu. Chupa niliikabidhi kwa watu wa afya ya umma wajue namna ya kuiteketeza, nikapewa na maneno yangu ninayostahili. Halafu nikakaa ofisini nimejishika kichwa, kwa sababu sikujua la kufanya. Mende wachache walikuwa wameanza kurudi.

Mama Kadzo akaingia na ndoo yake. Akasema, "Mwalimu, waniruhusu niseme?"

Kumbe yule mama, kabla ya kuja kwetu, alifanya kazi miaka mingi jikoni kwenye hoteli ya kitalii. Miaka yote ya kuwa nasi sikuwahi kumuuliza alitoka wapi. Jamani.

"Hotelini tulikuwa hatupulizi ovyo, wageni wangekimbia. Twauliza kwanza: yuwala wapi, yuwanywa wapi, yuwalala wapi. Mende hakai bure, mwalimu. Kuna amkaribishaye."

Akataka mitego ya gundi, zile karatasi zinazonata, hazina sumu. Tukaweka ukutani, mahali mikono ya watoto haifiki: madarasani, chooni, ukumbini, kwenye ngazi, ofisini. Kila mahali akaandika namba kwa chaki. Asubuhi tunapita kuhesabu. Yaani anahesabu yeye, mimi naandika nikiwa nimesimama mbali.

Mimi nilishakuwa na mshukiwa wangu. Nje ya geti kuna mama anayeuza viazi vya karai na mabuyu. Nilikwishatunga na hotuba ya kumfukuza, yenye hadithi za Mtume kuhusu usafi, nzuri sana.

Matokeo yakatoka. Mtego wa ukumbini, ulioelekea geti kwa mama wa viazi: hakuna kitu. Choo: wachache. Madarasa: mmoja mmoja.

Ofisi ya deputy, kando ya kabati: karatasi haionekani. Wakubwa kwa wadogo, na wale wadogo kabisa wasiozidi punje ya mchele.

Mama Kadzo akainama akawatazama. "Hawa watoto wachanga. Mtoto mchanga haendi mbali na kwao."

Tukatazamana. Kisha sote tukalitazama kabati.

Hapa nieleze kwa wasiokuwa wa huku. Kwetu mtoto akimaliza juzuu au akihitimu, wazazi hawaji mikono mitupu. Utaletewa halwa ndani ya kikapu chake cha ukindu, visheti, kaimati, na kahawa. Ni heshima kwa mwalimu na ni shukrani kwa Mungu, kwa hiyo huwezi kukataa. Na sisi tumelelewa kwamba chakula hakitupwi. Ni kufuru.

Basi mimi nikishakula nilichoweza, kinachobaki natia kabatini. Nia yangu nipeleke nyumbani, nasahau. Zawadi ya pili inasukuma ya kwanza nyuma. Na kabati lenyewe limejaa katoni za mitihani ya miaka iliyopita, ambazo nazo sikutaka kuzitupa.

Mama Kadzo alifungua. Mimi nilikuwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Sitaeleza yote, huenda kuna anayekula. Vikapu vya halwa vilivyonyauka, mafuta yamelowesha katoni, na katikati ya mikunjo ya zile katoni, mji. Kibokoni nyingine ndani ya Kibokoni. Nilikimbia hadi barabarani.

Yeye alizitoa zote mwenyewe uani, akazifunga kwenye mifuko na kuziondoa siku ile ile. Hakucheka mpaka adhuhuri. Halafu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye, lakini moyoni nilikuwa naumia. Nilipulizia sumu juu ya watoto kuwasaka wageni niliowalisha halwa mwenyewe.

Jioni nilikwenda kwa Bi Mwanahawa nikamwambia yote, hata ile hotuba ya mama wa viazi. Akaiweka sindano yake chini, akasema:

"Kwa hivyo wewe ndiwe uliyekuwa ukiwafuga?"

"Naam."

"Basi kawafukuze. Twangojea."

Kazi ilichukua wiki kadhaa. Nyufa kubwa zilizibwa kwa chokaa, kwa sababu fundi alikataa saruji, alisema kuta hizi za mawe zinataka kupumua. Mabomba ya maji machafu yakawekwa wavu. Bomba la uani lililokuwa likidondoka tangu enzi za mwalimu mkuu aliyepita likatengenezwa, kwani kiu ya mende ni kubwa kuliko njaa yake, hilo pia nilifunzwa na Mama Kadzo. Katoni marufuku, karatasi zote zikaingia kwenye masanduku ya plastiki yenye vifuniko. Kula ni barazani tu, watoto na walimu, na taka haziachwi zilale.

Mama wa viazi, ambaye sikumfukuza, alitupa ndoo yenye kifuniko ya kutilia kokwa za mabuyu. Nikimwona naona haya mpaka leo.

Wiki ya pili niliona mende anapita dirishani kwa raha zake. Damu ikapanda. Nikatoka hadi dukani, kopo la dawa nishalishika mkononi. Nikakumbuka ile sauti ya kifua cha yule mtoto. Nikalirudisha nikanunua ufagio.

Kwa waliobaki ndani ya nyufa nyembamba, tulimleta fundi mwenye leseni wakati wa likizo. Hakupulizia. Alitia jeli, vitone vidogo vidogo, ndani kabisa ya nyufa ambako mkono wa mtoto hauingii. Wazazi wote tulikuwa tumewaandikia mapema ni dawa gani na inatiwa wapi, na lebo yake iko ubaoni ofisini mpaka leo. Mende niliowaona baada ya hapo nawakumbuka mmoja mmoja.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa akaja bila taarifa. Hakuketi. Alifungua kabati langu. Akavuta droo. Akapiga magoti kutazama chini ya deski la mwanawe, buibui alilovaa likiburura sakafuni, kisha akaketi kwenye lile deski dogo kama nusu saa, anapumua tu. Mimi na Mama Kadzo tumesimama mlangoni kama watahiniwa.

Akainuka. "Kesho yuwaja."

Wakuu, nilikwenda nyuma ya ngazi nikalia. Mwanaume mzima. Safari hii hakuna mende aliyenikimbiza.

Swabra alirudi. Mama Kadzo akampa kazi: kila Ijumaa wanapita pamoja kwenye mitego, Mama Kadzo anainama, Swabra anasimama mbali, daftari mkononi, anaandika. Kazi yangu ya zamani, na anaifanya bila kutetemeka.

Mwezi uliopita alimaliza juzuu yake. Mama yake akaja na kikapu cha halwa na birika la kahawa. Mimi nikainuka kupokea kwa mikono miwili, kama desturi. Bi Mwanahawa akanipita. Akamwendea Mama Kadzo aliyekuwa anapangusa ngazi, akamwekea kikapu mikononi.

"Mwalimu wake ni wewe," akamwambia.

Mama Kadzo akajifuta macho kwa ncha ya leso. Tukala halwa yote pale pale barazani, sisi na watoto, na mama wa viazi tukamwita. Nilipokuwa nanyoosha mkono kuchukua tonge la mwisho, Swabra akanikazia macho.

"Mwalimu, hiyo uile. Usitie kabatini."

Nikaila.

Alhamdulillah kwa yule mtoto, kwa mama asiyenitukana, na zaidi kwa mama aliyekuwa ameniambia kabla sijakosea. Shule yangu haikuokolewa na dawa. Iliokolewa na mtu ambaye kila siku alikuwa akiinama mahali mimi nilipoogopa kutazama, na nilikuwa simsikilizi kwa sababu ameshika ufagio.

Wenye shule, wenye mikahawa, wenye makabati, leteni ya kwenu hapa chini, na mbinu zenu nizisome. Kunicheka ruksa.

Ila kabla hujaandika comment, nenda kwa yule anayekufagilia ofisi. Muulize ameona nini.