Verlene Stovall na Wilaya ya Ishirini na Saba

Verlene Stovall alipikia watoto wa shule ya Tallow Creek kwa miaka thelathini na minane, lakini ukimuuliza habari zake, atakusimulia za Wilaya ya Ishirini na Saba. Kabla ya mwaka 1982, hakuna mtu mweusi wa upande ule wa Kusini mwa Marekani aliyepata kuwa na seneta wake katika bunge la jimbo. Mumewe, marehemu Cleophus, alikuwa miongoni mwa waliokwenda mahakamani mpaka wilaya hiyo ya uchaguzi ikachorwa, yenye wapiga kura weusi wengi. Uchaguzi wa kwanza Cleophus alisomba wazee kwa gari la kubebea kambare, akimwambia kila mmoja, "Karatasi ya kura hairudishwi tupu."

Sasa sensa ilionyesha watu wamepungua, na kamati ya seneti ikaanza kuchora upya. Verlene alikuwa na ombi moja tu: mji usikatwe. Ukikatwa, kila kipande kitamezwa na wilaya ya watu wengine, na seneta wao atakuwa amekwisha.

Siku ya kikao cha kusikiliza wananchi alisafiri kwa saa tatu hadi makao makuu ya jimbo, akiendeshwa na Shemasi Amerson, jirani yake. Mkononi alishika kipepeo cha kadibodi cha kujipepea kanisani, na upande wake wa nyuma ameandika mipaka ya mji kwa kalamu ya risasi.

"Shemasi, unaendesha kama unapeleka maiti."

"Nina hofu nawe, Dada Verlene. Ukifika kule utawapikia kama watoto wa shule badala ya kubishana nao."

Kila msemaji alipewa dakika tatu. Verlene alisoma kipepeo chake: mji unaanzia kwa kina Lockett, unapita kinu cha pamba, unazunguka shamba la marehemu Ezell, unaishia kwa Bi Ola Mae.

Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu. "Mama Stovall, hizo ni barabara namba ngapi?"

"Sisi hatuzitaji kwa namba. Ukimuuliza mtu yeyote, atakuonyesha."

"Karani anahitaji namba za vitalu vya sensa, mama. Kwenye ramani yetu hakuna Lockett."

Hata Tallow Creek hakukuwa na Lockett tena. Walihamia kaskazini, Ezell alikuwa kaburini, na nyumba ya Bi Ola Mae ilikuwa imeota magugu hadi dirishani. Verlene alilitambua hilo akiwa amesimama mbele ya kipaza sauti, na dakika zake zikamwishia hapo. Karani aliandika kwamba shahidi hakutaja mipaka.

Kwenye gari Shemasi alijaribu kumchangamsha. "Angalau umewatajia Ola Mae. Marehemu alipenda kutajwa."

Verlene hakucheka. "Nimewapelekea orodha ya makaburi, Shemasi."

Ramani ilipotoka, mstari ulipita katikati ya Mtaa wa Reli. Kanisa lilibaki upande mmoja, nyumba ya Verlene upande wa pili. Namba ishirini na saba ilihamishiwa vitongoji vipya karibu na makao makuu.

Siku ya uchaguzi alivuka mtaa kwenda kanisani, alikopigia kura kwa miaka arobaini. Shemasi Amerson ndiye aliyekaa mezani na daftari. Alilipekua mara mbili ingawa alijua.

"Dada Verlene, jina lako halimo humu. Umepangiwa kituo cha zimamoto cha Harlan."

"Maili kumi na mbili."

"Najua. Nami sina ruhusa ya kuondoka hapa."

Aliomba lifti kwa mpwa wa mchungaji. Kule Harlan hakumjua mtu. Kwenye nafasi ya seneta palikuwa na jina moja, la mwenye duka la matrekta asiyewahi kukanyaga Tallow Creek, wala hakuwa na mpinzani. Verlene aliitazama karatasi ile mpaka msimamizi akamuuliza kama anahitaji msaada.

"Hapana, mwanangu."

Akajaza kiduara kilichokuwa kando ya jina lile, akiweka wino vizuri bila kutoka nje ya mstari, kisha akairudisha karatasi, si tupu.