Udongo Wangu Juu ya Pistoni

Nyie vijana mtakaosoma haya, msije mkasema bibi kajifanya fundi. Injini siijui. Udongo naujua. Nimefinyanga vyungu tangu kabla ya shule, na shule yenyewe niliiacha darasa la pili.

Pikapu yetu ndiyo iliyotushushia mawese kutoka Simbo, nyingine hatuna. Mume wa binti yangu, ambaye ni fundi, akaja na kamshafti ya mashindano, kile chuma kirefu chenye vinundu vya kusukuma valvu. Vinundu vya hiki vilikuwa virefu kuliko vya zamani, vinazishusha valvu zaidi ili injini ivute hewa nyingi. Nikamtilia shaka hapohapo. Milima ya Simbo haijaongezeka, sasa nani alilalamika? Na alikitazama chuma kile kama mtoto na viatu vya sikukuu.

Kwetu mama na mkwewe hawasogeleani. Nilikaa barazani nimewapa kisogo, binti yangu katikati akibeba maneno, ingawa sote tulisikiana vizuri.

"Mwambie mumeo, valvu zikishuka zaidi, pistoni ikipanda hazigongani?"

"Mwambie mama, shikamoo yake, hilo nimeliona. Naomba udongo wake kidogo."

Hapo alinipendeza, siwafichi. Akaeleza: unabandika udongo laini juu ya pistoni, unafunga hedi, kile kifuniko cha juu kinachobeba valvu, unazungusha injini kwa mkono, kisha unafungua. Unene wa udongo uliobaki chini ya valvu ndiyo nafasi iliyopo. Nafasi ikikosekana, valvu inapinda na injini imekufa. Nikampa bonge, nikaagiza aupake mafuta usinate.

Nikasikia spana inazungusha puli, lile gurudumu la mbele ya injini. Mzunguko mmoja. Mara bolti zinalegezwa.

"Tayari. Nafasi tele," akasema. "Jioni nipo Mwandiga, madereva wakaisikie ikinguruma."

"Mwambie alete huo udongo."

"Mwambie mama, injini si chungu."

"Mwambie, chungu changu hakijawahi kukwama njiani."

Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaniletea. Upande wa valvu ya moshi palikuwa na alama imebonyea vizuri. Upande wa valvu ya hewa niliona mistari ya kidole gumba cha mkwe wangu, vilevile alivyoupapasa. Kitu kikishaukandamiza udongo, alama ya kidole haibaki.

"Muulize, hii valvu ya pili hushuka lini?"

Spana ikawekwa chini.

"Mzunguko wa pili, mama," akanijibu mwenyewe, akasahau kumtuma mkewe.

Akaweka udongo mpya, akafunga kila kitu upya, akazungusha mara mbili. Safari hii valvu ya hewa ilikuwa imeuminya udongo ukabaki kama ganda la kitunguu. Akaukata kwa wembe, akapima, kipimo hakukisema. Mwandiga hakwenda. Alirudisha kamshafti ya zamani, na ile mpya akaiviringisha kwenye gazeti, akaisukuma uvunguni mwa kitanda, kama mtu anayengoja bibi afe.

Nikageuka nikawatazama wote, na mkwe naye.

"Chuma hicho kikitoka uvunguni, asiguse mtu stata mpaka nishike mkononi mwangu udongo wenye alama mbili, na mnene."