Musonda Alivyofunga Mdomo

Godefroid wa mtaa wa Katuba ni fundi wa rangi, na fundi wa rangi ana ruhusa ya kuwa mchafu. Ndiyo maana siku ile mkewe Benita alipoinua kaptula kutoka kwenye beseni na kumwonyesha doa jekundu, jibu lilikuwa tayari mdomoni. Ni rangi, akasema. Alikuwa anapaka mlango wa duka, ikamwagika.

Benita akasugua. Doa likatoka lote kwa maji na sabuni. Miaka ishirini na saba anafua nguo za mtu huyu, na rangi ya mafuta haijawahi kutoka bila petroli.

"Baba Kiki," akamwita, "tangu lini rangi yako inatoka na maji?"

Ndipo Godefroid akasema yote. Alikuwa anakojoa damu tangu mwaka uliopita, bila maumivu. Alijiambia ni kichocho tu, maana nani katika rika lake hakuoga mtoni? Akanunua vidonge mwenyewe, akameza, damu ikakoma mwezi mzima, akajisifu kwamba amepona. Sasa imerudi.

Hospitalini, Docteur Syntiche alipitisha kamera ndogo kwenye njia ya mkojo, akaona uvimbe ndani ya kibofu. Kansa. Bahati nzuri ilikuwa bado juu juu, haijazama, akaikwangua kwa njia ile ile bila kupasua tumbo. Akamwambia aache sigara, maana moshi wake huchangia kansa ya kibofu. Godefroid akaiacha siku hiyohiyo.

Sasa lazima mumjue Musonda. Huyu ni mwashi: yeye anajenga ukuta, Godefroid anaupaka. Tena ni mtani wake. Musonda ni wa ukoo wa Chui, Godefroid kwa upande wa mama ni wa ukoo wa Mbuzi, na tangu enzi za mababu Chui na Mbuzi hutukanana bila kugombana. Ukiugua, mtani ndiye anayekuchekesha. Ukifa, ndiye anayekuzika. Kukulilia hana ruhusa.

Basi Musonda akatimiza wajibu. Alifika na futi yake ya kazi, akampima mgonjwa kitandani toka utosi hadi kisigino, akalalamika kwamba Mbuzi amerefuka, mbao alizoweka kwa ajili ya sanduku la kumzikia hazitatosha. Hata Benita alicheka.

Haukutimia mwaka, kamera ikakuta uvimbe mwingine, sehemu mbili. Docteur akaukwangua, halafu akasema wazi. Kuna dawa itakayomiminwa ndani ya kibofu, mara moja kwa wiki, wiki sita. Kila mara Godefroid aishike masaa mawili bila kukojoa. Isipofanya kazi, kibofu kitatolewa, na mkojo utakuwa unaingia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni, maisha yake yote. Godefroid akajiwaza juu ya ngazi, ndoo mkononi, mfuko tumboni. Akasema ataishika.

Wiki ya kwanza Musonda alimsindikiza. Dawa ilipoingia, muuguzi akaeleza: alale kifudifudi robo saa, chali robo saa, kisha ubavu huu na ule, ifike kila pembe.

"Njo vile banachoma mbuzi," akasema Musonda, akigeuza mkono kama anayegeuza nyama juu ya makaa.

Godefroid akacheka. Dawa ikamtoka yote, shuka likalowa, na dakika ishirini zilikuwa hazijafika. Musonda akatoka nje.

Wiki ya pili alirudi. Hakusalimia hata kwa tusi. Alikaa kwenye kiti, saa mkononi, na kila robo saa akainua kidole, Godefroid akageuka. Kimya hicho kilimtisha kuliko kansa. Mtani akinyamaza, si ameshaona kaburi? Kibofu kilimwaka kama kimepakwa pilipili. Saa moja na nusu ilipopita, akanong'ona:

"Musonda, Docteur alikuambia nini? Niko nakufa?"

Musonda akatikisa kichwa. Mashavu yalikuwa yamemvimba kama mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, na midomo yake ameibana kwa vidole viwili. Godefroid akamtazama, akaelewa. Kumbe naye alikuwa anashika.

Akageukia ubavu wa kulia, akaishika dawa mpaka dakika ya mwisho. Akaishika wiki ya tatu, ya nne pamoja na homa iliyoletwa na dawa, ya tano, ya sita. Na Musonda akaapa kutofungua mdomo kwa utani mpaka kamera iseme.

Miezi mitatu baadaye kamera ikasema. Docteur Syntiche alitazama sana, halafu akamgeuzia kioo ajionee.

"Haina kitu, Tata. Iko safi."

Benita alipiga vigelegele hadi wagonjwa waliokuwa mwisho wa baraza wakainuka. Musonda akasimama, akanyoosha shati.

"Mbuzi mubaya weye," akaanza. "Mbao za sanduku yako nimetengeneza nazo mulango ya kuku. Sasa utakufa siku gani, nijue?"

Akamtukana toka mlango wa hospitali mpaka Katuba, na Godefroid akacheka njia nzima, bila kushika chochote.

Huu ni mwaka wa tatu, na kila kamera inarudi na neno lilelile. Juzi Godefroid alitoka kupaka nyumba aliyojenga Musonda kule mtaa wa Annexe, suruali ina doa jekundu. Benita akalitia maji, akasugua, akaongeza sabuni, akasugua tena. Doa halikusogea.

Akaenda kutafuta petroli, huku anaimba.